Volkano si siki na magadi

Mhariri,

Kurasa za watoto zikieleza volkano hazikosi siki na magadi: povu linafoka, watoto wanashangilia. Lakini volkano hailipuki kwa kuchanganya vitu viwili. Kinachoisukuma ni gesi, hasa mvuke wa maji, iliyobanwa na uzito wa miamba ya juu ikajificha ndani ya mwamba ulioyeyuka. Magma, yaani mwamba huo ulioyeyuka, ikipanda, mgandamizo hupungua, gesi inajitenga na kuwa mapovu. Mfano wa haki ni chupa mbili za soda zilizotikiswa. Ya kwanza ifunguliwe ghafla, nje, mdomo usielekee uso wa mtu. Ya pili ilegezwe kizibo kidogo kidogo, gesi ivuje: karibu soda yote inabaki ndani.

Uzito wa magma, si wa kilo bali wa kutiririka kwa shida, nao una kazi yake, kama uji jikoni. Mwepesi huachia mapovu kirahisi. Mzito huyafungia mpaka yanapasuka na kurusha matone. Ndiyo maana lava ya Hawaii mara nyingi hutiririka, ilhali Mlima Pinatubo wa Ufilipino, mwaka 1991, ulilipuka.

Michoro nayo ina kosa: bahari ya moto chini ya ganda la dunia. Tabaka linalofuata ganda karibu lote ni mwamba mgumu, ingawa una joto kali. Huyeyuka mahali pachache tu, mgandamizo unaposhuka au maji yanapopenya.

Kwa tetemeko, tafuteni tofali, msasa na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Bandika msasa mezani, makali juu, weka tofali, lifunge kamba, kisha unganisha ukanda kwenye kamba. Vuta polepole. Mpira unarefuka, tofali limetulia tuli, halafu linaruka. Mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya mwamba vinavyounda uso wake, husogea sentimita chache kwa mwaka, lakini kingo zake hukwama na miamba hupinda kama ule mpira hadi inapoachia. Kwa kamba tupu tofali huburuzika tu, na funzo linapotea. Mtoto apime kila mruko kwa rula. Hailingani, na ataelewa kwa nini hakuna anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko.

Na ninyi wa kurasa za habari: tetemeko la ukubwa wa 7 halizidi la 6 “kidogo”. Nishati yake ni takriban mara 32.

Mwalimu wa jiografia