Takwimu za kweli nazo hupotosha

Ndugu Mhariri,

Kila asubuhi pale Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya, watu husimama mbele ya magazeti yaliyoning'inizwa, wakasoma vichwa vya habari, na ubishi ukaanza hapo hapo. Kauli mbili hazikosekani: "magazeti yote yamenunuliwa" na "ila yule mchambuzi kasema kweli tupu". Mara nyingi wanaozisema ni watu wale wale. Habari ya mwandishi aliyekwenda mkutanoni, ikapita mikononi mwa mhariri, inatupwa. Safu ya mtu aliyeandika aonavyo yeye inamezwa nzima kwa kuwa inafanana na mawazo ya msomaji. Naomba nafasi niseme juu ya safu hizo za maoni ya kisiasa. Uongo mtupu ndani yake ni nadra. Kinachopotosha zaidi ni jambo la kweli lililokatwa mahali pabaya.

Tuchukue sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa watu 2,707,410. Mwaka 2022 ulihesabiwa watu 2,343,754. Anayetaka kutuaminisha kwamba mkoa unakimbiwa, kwamba vijana wanahama kwa ajili ya sera hii au ile, ana takwimu mbili za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zenye tofauti ya watu zaidi ya 363,000. Ataweka chanzo, ataweka mwaka, na msomaji ataridhika kuwa huyu amefanya utafiti. Asichokisema ni kwamba mwaka 2016 Mbozi, Momba, Ileje na ile sehemu ya Chunya ambayo leo ni Wilaya ya Songwe zilimegwa zikawa mkoa unaojitegemea, Mkoa wa Songwe. Ukiirudisha sensa ya 2012 kwenye mipaka ya sasa, Mbeya ilikuwa na watu 1,708,548, na waliobaki, 998,862, walikuwa upande wa Songwe. Jumlisha uone: unapata 2,707,410 ile ile. Kwa hiyo Mbeya iliongezeka watu 635,206 ndani ya miaka kumi, sawa na asilimia 37. Hoja nzima imegeuka kichwa chini miguu juu, na hakuna tarakimu hata moja iliyoghushiwa.

Majirani zetu wa Iringa wana mtego huo huo, maana Njombe ilimegwa kutoka kwao mwaka 2012. Ndiyo maana takwimu mbili zinazopishana kwa miaka hazifai kulinganishwa kabla ya kuuliza kama kilichopimwa mara ya pili ndicho kilichopimwa mara ya kwanza. Mipaka hubadilika, wilaya hugawanywa, shule za kata huongezeka, na hata bei huanza kuhesabiwa kwa mwaka mwingine wa msingi. Swali hilo halihitaji digrii. Linahitaji dakika tano na simu yenye bando, kwa sababu ripoti za sensa ziko wazi kwenye tovuti ya ofisi hiyo.

Barabara ya njia nne ni mfano mwingine tunaoupita kila siku. Kutoka Igawa hadi Tunduma ni kilomita 218. Kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kinachokatiza jiji, ni kilomita 29. Anayeisifu serikali huandika 218 kana kwamba mitambo imetapakaa njia nzima. Anayeiponda huandika 29 akanyamaza kwamba hicho ni kipande cha mradi mrefu zaidi. Wote wawili wako sahihi kwa tarakimu, na wote wanamwacha msomaji na picha isiyo kamili. Hapo kalamu inafaa ipigie mstari vitenzi. Fedha "zilizotengwa" ni zile zilizomo kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge. Fedha "zilizotolewa" ni zile ambazo Hazina imezipeleka kweli. Fedha "zilizotumika" ni zile zilizokwisha kulipia kazi. Kati ya neno la kwanza na la tatu panaweza kupita mwaka mzima wa fedha na mabilioni ya pengo. Mwandishi akisema serikali "imetoa" fedha, huku chanzo chake ni hotuba ya bajeti ya Juni, basi ametumia kitenzi ambacho chanzo chake hakimruhusu.

Mfumuko wa bei nao unasomwa vibaya kila mwezi. Ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei hazijashuka, zinapanda taratibu zaidi. Mfuko wa mbolea wa Sh70,000, ukipanda kwa asilimia 3, mwakani utauzwa Sh72,100. Mkulima wa Rungwe au Mbarali anayeona bei imepanda wakati gazeti linasema mfumuko umepungua hadanganywi na gazeti, hajaelezwa tu. Lawama hapo ni ya mwandishi aliyeacha sentensi moja ya ufafanuzi.

Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inahitaji utulivu kuliko zote. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, wengi huiita hati safi na kuitafsiri kuwa hakuna aliyeiba. Hati hiyo inahusu hesabu zilivyoandaliwa: kwamba zimefuata viwango na zinaonyesha hali ya fedha ipasavyo katika mambo ya msingi. Halmashauri yaweza kuipata na bado ikawa na hoja za ukaguzi za kurasa nyingi. Upande wa pili, hoja ya ukaguzi si wizi uliothibitishwa. Inaweza kuwa fedha iliyoliwa, inaweza kuwa hati ya malipo iliyokosa kiambatisho, inaweza kuwa zabuni iliyoruka hatua. Kwa hiyo mwandishi akijumlisha hoja zote za nchi akaziita "mabilioni yaliyoibwa", afungue ripoti atuonyeshe hoja ipi ni ipi. Asipoweza, jumla yake ni hasira tu.

Kura za maoni nitazigusa kwa ufupi. Utafiti wa watu 1,200 nchi nzima, ukifanywa kwa kuchagua watu bila upendeleo, una kosa la makadirio la kama alama tatu za asilimia juu na chini. Lakini Mbeya ni kama asilimia 4 ya Watanzania, kwa hiyo ndani ya hao 1,200 wetu ni kama 45, na kwa idadi hiyo kosa linafika alama 15. Safu inayosema "wananchi wa Mbeya wanataka hiki" kwa kutegemea utafiti wa namna hiyo inazungumza na kundi linalojaa daladala mbili.

Kisha kuna maneno yanayohukumu kimyakimya. "Alisema" halina upande. "Alidai" linatia shaka. "Alifichua" linatangaza kwamba jambo ni kweli kabla halijathibitishwa, na "alikiri" linamfanya msemaji kuwa mkosaji. Mwandishi mmoja akiandika kwamba mbunge wa chama hiki alifichua na wa chama kile alidai, na wote wawili hawakuleta ushahidi wowote, upande wake tumeshaujua. Vilevile "wananchi wamelalamika": ni wangapi, wa wapi, na majina yao yako aya ya ngapi?

Kujua mmiliki kunasaidia, ila kusipewe uzito kuliko kusoma chenyewe kilichoandikwa. Uhuru ni la CCM, na Habari Leo linatolewa na kampuni ya serikali, hayo hayajifichi. Lakini mwezi Agosti 2021 ni hilo hilo Uhuru lililobeba ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia, mwenyekiti wa chama kinachomiliki gazeti, hana wazo la kuwania urais 2025, na serikali ikasimamisha leseni yake kwa siku 14. Aliyeliamini kwa sababu ni la chama alipotea. Chimbuko la habari lilikuwa mahojiano yake na BBC, na aliyeyasikiliza mwenyewe alikuwa na kipimo bora kuliko jina la mmiliki. Adhabu ya kufungia gazeti, kwa maoni yangu, haikumsaidia msomaji hata kidogo. Kilichomfaa ni kuonyeshwa maneno halisi kando ya kichwa cha habari.

Sasa, Mhariri, nina maombi kwako. Kwanza, chini ya kila safu ya siasa andika mwandishi ni nani kwa ukweli wake: kama ni kada, kama aligombea, kama ni mshauri wa wizara au analipwa na taasisi inayotajwa ndani ya makala. Neno "mchambuzi" peke yake halituambii kitu. Pili, kurasa zilizolipiwa na halmashauri au kampuni zisiandikwe kwa herufi na mpangilio ule ule wa habari, na zibebe neno "tangazo" juu kabisa, mahali jicho linapoanzia. Tatu, neno "Maoni" lisiishie kwenye karatasi. Makala ikikatwa ikasambazwa WhatsApp kama picha, liwe ndani ya picha hiyo, karibu na kichwa, pamoja na tarehe.

La mwisho ni masahihisho. Kosa la ukurasa wa mbele lisahihishwe ukurasa wa mbele, si ukurasa wa 14 chini ya ratiba ya ligi. Sahihisho litaje kilichoandikwa, tarehe yake, kilicho sahihi na chanzo cha usahihi huo. Na kwenye tovuti, makala iliyobadilishwa ibaki na alama ya kilichobadilika, kwa kuwa ikifutwa kimya kimya, aliyeisoma jana ataendelea kuinukuu hadi uchaguzi ujao.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya