Barua kwa binamu yangu anayesema Lamu si ng'ambo

Binamu,

Maneno yako ya kule harusini Dodoma yamenifikia. Eti mimi sijaenda ng'ambo, nimeolewa tu pwani. Wa ng'ambo ni yule wenu wa Ulaya anayetuma picha za theluji. Haya.

Pesa kwanza, nisije nikasahau. Shilingi moja ya huku Kenya ni karibu 20 za kwetu Tanzania. Mama alipopiga simu nikamwambia nimenunua kanga kwa 600, akaniagiza doti kumi!

Halafu usafiri. Ukija kwa ndege inakushusha Manda, kisiwa kingine kabisa, bado upande boti. Ukija kwa basi linakomea Mokowe, nako unavuka. Mjini kwenyewe mizigo ni ya punda na mikokoteni. Juzi Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, punda mwenye magunia ya mchanga alipita na kikapu changu cha nyanya, na mwenyewe akapaza "Simile!" nyanya zikiwa tayari chini. Akacheka, nami nikacheka, ningefanyaje? Vichochoro vingine huku mkipishana na mtu mnene, mmoja wenu hugeuka ubavu.

Lakini kisa chenyewe ni cha Takwa. Ni magofu ya mji wa kale kule Manda, uliohamwa karne ya 17. Watu wa Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani Lamu, husimulia kuwa wazee wao walitoka huko. Msikiti wake una nguzo ndefu juu ya ukuta wa kibla, na mibuyu imeota mle mle mjini. Kufika, unafuata mkono wa bahari katikati ya mikoko, na unapitika maji yakiwa yamejaa tu. Siku ile yalijaa saa tano asubuhi. Nahodha akatuambia wazi: saa sita na nusu tuwe chomboni.

Shemeji mmoja, simtaji, akapiga picha kila mbuyu. Kisha akataka picha ya familia. Kisha mtoto wa wifi akapoteza ndala. Tulipoondoka saa saba na nusu, hatukufika mbali. Chombo kikakaa kwenye tope, kikalala upande. Sisi wa Dodoma tumezoea kuvuka mto mkavu kwa miguu, basi nikauliza kwa nini tusishuke tutembee. Wifi alinitazama tu. Lile tope lingenimeza mpaka kiunoni.

Tulikaa mle mpaka karibu saa tatu usiku, maji yaliporudi. Mahamri yaliisha saa kumi. Mbu wakaja magharibi. Nahodha alilala usingizi mzuri kuliko sote, maana alijua bahari inarudi saa ngapi, na kumgombeza shemeji alituachia sisi. Mama mkwe naye alikuwa akipiga simu kila mara kuuliza kama tumekula.

Sasa kabla ya kutoka nauliza maji kwanza, saa baadaye. Kila siku hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita haikufai leo.

Wewe njoo wakati wa kaskazi. Kusi ikivuma bahari itakutapisha kabla hujaiona Shela. Niletee mlenda mkavu, mwingi, na zabibu zikisalimika njiani. Na shemeji akikuomba umpige picha, mwambie simu imeisha chaji.