Hiyo "harufu kali" ina jina

Mhariri,

Miaka yote nimesoma habari za namna hii nikanyamaza, lakini ile yenu ya wasafishaji waliozimia chooni kiwandani imenishinda. Mmeandika kwamba walizidiwa na "harufu kali ya dawa", na kwamba meneja amewaonya wenzao wawe makini.

Hiyo harufu ina jina. Blichi ikikutana na dawa ya kutoa ukoga wa choo, ambayo kwa kawaida ni tindikali, hutoka gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, hutoka kloramini, nayo ni gesi ya sumu. Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, hivyo hutuama chini, pale pale anapoinama mwenye brashi. Mtu anaweza kutoka anakohoa tu, akaambiwa akapumzike nyumbani, na saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Hilo hamkuliandika.

Na awe makini na nini, ikiwa hajui ameshika nini? Dumu la lita 20 huja na lebo yake. Likifika stoo, dawa humiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na lebo hubaki kwenye dumu. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1990, unamtwika mwajiri jukumu hili: kemikali ikihamishiwa chombo kingine, chombo hicho kionyeshe kilichomo na hatari yake. Karatasi ya taarifa za usalama, ile inayoeleza hatari za kemikali na namna ya kuitumia, nayo ina sehemu 16. Ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 7 ni utunzaji, ya 10 inataja vitu visivyopaswa kukutana. Mara nyingi karatasi hiyo imefungiwa kwenye kabati la ofisi, tena kwa lugha ambayo msafishaji haisomi. Halafu anagawiwa barakoa ya vumbi! Gesi hupita humo kama hakuna kitu. Kinachohitajika ni kichungi cha gesi za tindikali, ambacho hakijapita muda wake, kwenye barakoa iliyobana uso. Ndevu za siku mbili tu zinatosha kuvujisha. Na hata hicho ni kinga ya mwisho. Kwanza ondoa mojawapo ya dawa hizo kazini. Ukishindwa, ziweke rafu zilizoachana, kila moja kwenye trei yake, ili moja ikivuja isiifikie nyingine. Kisha feni inayotoa hewa nje.

Mkiwa hapo hapo, andikeni na habari ya mapipa "matupu" ya thina yanayouzwa yakakatwe. Pipa lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa. Tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, likisubiri cheche ya grenda. Kulifungua likapigwa na upepo hakutoshi, maana masalio yaliyonasa kwenye mkunjo wa kitako hutoa mvuke upya chuma kikipata moto.

Napendekeza meneja huyo asugue choo hicho zamu moja, mlango umefungwa, kwa barakoa hizo hizo alizozinunua. Nanyi, mwandishi wenu akiambiwa tena "harufu kali", aombe kuonyeshwa sehemu ya 10 ya karatasi ile ya usalama kabla hajafunga daftari.

Msomaji wenu wa siku nyingi