Shangazi, maji ya safari ni ya kunywa

Shikamoo shangazi.

Mama kaniambia harusi ya mjukuu imeshapangwa na mwezi ujao unakwenda Mwanza. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na najua shangazi wa wenzangu nao wana mchezo huu huu wa kusafiri bila kunywa maji.

Mwaka jana nilikupokea stendi umeshika viatu mkononi. Miguu ilikuwa imevimba, haiingii hata kwenye kandambili. Mkobani nikakuta chupa ya nusu lita uliyonunua stendi ya Mbezi, Dar, alfajiri, umekunywa labda mafunda mawili. Kidonge cha presha cha asubuhi kilikuwa bado kwenye karatasi yake. Nilipouliza, ukacheka: "Mwanangu, nikinywa nitachimba dawa wapi?"

Swali la haki kabisa. Basi likishaipita Singida, konda anatangaza dakika tano, vijana wanakimbilia vichakani. Wewe una miaka 70 na ushei, magoti hayo, na kanga moja ya kujisitiri. Hata mimi ningebana.

Lakini shangazi, mwili uliokauka maji halafu ukakaa kitako kutwa nzima, damu inatuama miguuni na inaweza kuganda mshipani. Bonge likipanda mapafuni, linaua. Kwa hiyo ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma kuliko mwenzake, au kifua kinabana na pumzi zinakata, usiukande kwa maji ya moto. Hospitali moja kwa moja. Na kile kidonge cha presha kinachokukojoza usikiache kwa uamuzi wako. Pita kliniki wiki hii, umuulize daktari kama siku ya safari unaweza kukimeza jioni ukishafika.

Halafu insulini, dawa yako ya kisukari. Safari ile uliiweka kwenye buti pamoja na nazi! Joto la mule linaiharibu. Iweke kwenye mkoba wa mkononi, uiviringishe kwa taulo dogo. Ukiweka barafu pembeni isiiguse, maana ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Beba na soda yenye sukari, kwani chakula cha njiani hakina saa. Jasho la baridi likikutoka na mikono ikaanza kutetemeka, ujue sukari imeshuka: kunywa kwanza, maelezo baadaye.

Mpango wangu ni huu. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na vyoo vimo humo humo, unaingia unapotaka na unafunga mlango. Utalala kwa baba mdogo, unyooshe miguu, kesho yake ndipo upande basi. Zitabaki kama kilomita 700, si haba. Nitakukatia siti ya njiani ili usimame bila kumruka mtu, na ukiwa umekaa uwe unachezesha vifundo vya miguu. Baba mdogo ataongea na konda kabla hamjatoka, asimame penye vyoo vya kituo cha mafuta. Akinuna, anune. Nauli tumelipa.

Nitumie tena namba yako ya NIDA nikate tiketi ya treni. Ile picha ya juzi kidole chako kimefunika tarakimu mbili za mwisho.