Mapishi ya kipupwe yaandikwe kwa ajili ya wa nyanda za juu pia

Mhariri,

Kila mwaka baridi ikianza, kurasa za mapishi magazetini na vipindi vya upishi redioni hurudia maelekezo yale yale: kanda unga, funika, subiri saa moja uumuke, chemsha maharagwe saa moja na nusu, kaanga, pakua. Kwa Mombasa maelekezo hayo ni sahihi, na Kisumu hayaleti shida kubwa. Huku juu, katika nyanda za juu za Nakuru, kuanzia Njoro na Elburgon hadi Molo na Mau Summit, yanawaharibia watu unga, mafuta na makaa. Mpishi hudhani mkono wake ni mbaya, kumbe maelekezo hayakuandikwa kwa ajili ya jiko lake.

Naomba gazeti lako lilizingatie jambo hili, maana Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kula vizuri nyumbani. Likizo ya Agosti huwakusanya watoto, manyunyu ya jioni huwafungia watu ndani, na viazi vipya viko sokoni. Sherehe kubwa tumezirundika Desemba, wakati jua linawaka na watu wanatafuta kinywaji baridi. Sufuria ya maharagwe yenye rojo zito, chapati zinazotoa mvuke na mahamri ya iliki vina utamu zaidi Julai, usiku ambao Molo hushuka chini ya nyuzi 10.

Chanzo cha matatizo mengi ni maji. Ufuoni mwa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda mlima, kwa kila mita 300 hivi kiwango hicho hupungua kwa karibu nyuzi moja. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mjini Nakuru, kwenye mita 1,850, ni nyuzi 94. Molo, kwenye karibu mita 2,500, ni nyuzi 92 au chini kidogo. Povu utaliona na mvuke utauona, lakini maji yenyewe hayana moto ule. Kuongeza makaa hakuyafanyi yawe moto zaidi, yanakauka upesi tu. Ndiyo sababu nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo mama wa Kisumu huiivisha kwa saa mbili humgomea hata saa tatu akija kumtembelea bintiye Molo. Huku punje inahitaji muda, na muda huo si lazima uulipie kwa makaa.

Njia bora ni kikapu cha kupikia, kile kinachohifadhi joto bila moto. Chukua kikapu kikubwa au katoni imara, ukitandike blanketi kuukuu, vipande vya sponji au nguo zilizochakaa, unene wa sentimita 10 hivi chini na pembeni. Tengeneza na mto wa kuziba juu. Sufuria iwe na mfuniko unaobana, isiwe na mkono mrefu, na ijae angalau robo tatu. Sufuria iliyojaa nusu hupoa haraka, na hilo ndilo kosa linalowafanya wengi waseme kikapu hakifanyi kazi. Kosa la pili ni kukiweka kikapu juu ya sakafu ya saruji, ambayo hunyonya joto usiku kucha. Kiweke juu ya ubao au magunia mawili. La tatu ni kufunuafunua. Ukifunua mara moja kuonja, itakubidi uirudishe sufuria motoni ichemke upya.

Kwa nusu kilo ya maharagwe, usiyaloweke kwa maji ya bomba jioni ukategemea yafure ifikapo asubuhi, kwa sababu maji ya baridi huingia polepole ndani ya punje. Yachemshe dakika mbili, epua, funika, yaache saa moja, kisha mwaga maji hayo. Tia maji mapya yapite maharagwe kwa upana wa vidole viwili. Kikapuni maji hayapotei kama motoni, kwa hiyo ukizidisha utapata supu nyepesi. Sasa yachemshe kwa nguvu nusu saa nzima, yakiwa yanatokota kweli. Hapa pasikatwe kona: maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na joto la kikapu peke yake haliiondoi. Baada ya nusu saa hiyo, ifunike sufuria na uiingize kikapuni ikiwa bado inatokota. Saa nne au tano zinatosha.

Chumvi kidogo haidhuru. Nyanya ndiyo ingojee, kwani uchachu wake huifanya ngozi ya maharagwe ikaze. Mtu anayetia nyanya mwanzoni atapika hadi usiku wa manane. Maharagwe yaliyokaa ghalani mwaka mzima nayo huwa magumu kwa asili, hata ukiyafanyia kila kitu. Magadi huyalainisha, ila huharibu vitamini B1 na ukizidisha huacha ladha ya sabuni. Afadhali ununue mapya.

Mchele ni rahisi zaidi: kikombe kimoja kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, uchemke dakika tano, kisha kikapuni dakika 45. Jogoo mzee wa kienyeji, ambaye nyumba nyingi za Kakamega na Vihiga zingemheshimu kwa moto wa kuni mchana kutwa, mkate vipande, mchemshe nusu saa na tangawizi na chumvi, halafu kikapuni saa nne. Kabla ya kumpakua, mrudishe motoni atokote tena. Nyama isilale kikapuni hadi asubuhi. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaana, na chakula kinaweza kuharibika bila kutoa harufu. Viazi vya aina ya Shangi, ambavyo huku vimejaa, huiva upesi na kupasuka, kwa hiyo viingie mchuzini robo saa ya mwisho. Kwa mukimo, yaani viazi vinavyopondwa pamoja na mahindi na mboga za majani, kule kupasuka ndiko kunakotakiwa.

Nimeyarefusha maelezo ya kikapu kwa sababu ya jiko la makaa. Chakula kikiwa kikapuni jiko halina kazi tena, na hapo ndipo wengi hulichukua likiwa na makaa yake wakaliingiza chumbani lipashe moto. Jambo hili linaua, na msimu wa kuua kwake ndio huu. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunuka. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara zaidi ya mia mbili, na mwili hukosa pumzi huku mtu akiendelea kuvuta hewa kama kawaida. Makaa yaliyofunikwa na jivu, yasiyo na moshi hata kidogo, bado huitoa. Beseni la maji chumbani halisaidii. Kitunguu kilichokatwa hakisaidii. Dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole halitoshi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea miguu, na watu hudhani ni homa au uchovu wakalala. Watu wawili ndani ya chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, watolewe nje mara moja na wapelekwe hospitali.

Jiko liwashiwe nje, lipikiwe nje au katika chumba cha kupikia chenye madirisha mawili yanayopitisha upepo, na lizimwe huko huko. Kitanda kipashwe moto kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Upepo unaopita chini ya mlango uzibwe kwa gunia lililokunjwa, mradi ndani hamna moto wowote unaowaka.

Sasa mahamri, ambayo ndiyo malalamiko makubwa ya msimu. Vipimo ni vile vile vya pwani: nusu kilo ya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chengachenga, iliki punje nane zilizotwangwa, na kikombe kimoja cha tui zito, na maji kidogo pembeni ya kuongezea unga ukikataa kushikana. Kinachobadilika ni joto. Unga uliokaa stoo huku juu ni baridi kama ukuta. Tui lako vuguvugu likigusana nao hupoa papo hapo, na hamira hulala. Kwa hiyo pasha unga kwanza: bakuli la unga liweke juu ya sufuria ya maji ya moto dakika kumi, ukiugeuzageuza kwa mkono. Tui lijaribu kwa tone moja ndani ya kifundo cha mkono. Usihisi baridi wala moto. Likikuchoma ngozi, litaiua hamira, na hapo hata ungesubiri hadi kesho hakuna kitakachofura.

Kanda dakika 15 hadi donge liwe laini na lisigande mkononi. Lipake mafuta, lifunike, uliweke ndani ya sufuria kubwa au ndoo yenye mfuniko pamoja na kikombe cha maji ya moto pembeni yake. Maji yakipoa, badilisha. Hivyo utapata joto la Mombasa katika nyumba ya Molo. Na usitazame saa, litazame donge. Baridi huchelewesha uumukaji, lakini huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo donge likishapata joto hufura haraka kuliko pwani na linaweza kupitiliza. Lichomeke kidole: shimo likirudi polepole na kubaki na alama ndogo, liko tayari. Likirudi mara moja, subiri. Likinywea lote, limepita kiasi, likande kidogo na uliache lifure upya.

Wengi wakiona donge halifuri huongeza hamira, vijiko viwili, vitatu. Matokeo ni mahamri yenye harufu ya pombe, yanayofura karaini kisha kunywea na kulewa mafuta. Aliye na subira afanye kinyume chake: atie robo kijiko tu cha hamira, akande saa tatu usiku, afunike na kuliacha donge mezani hadi saa moja asubuhi. Baridi italiumua polepole usiku kucha, na ladha yake hupita ile ya donge la haraka. Kwa maoni yangu hii ndiyo zawadi kubwa ya Julai kwa mpishi wa nyanda za juu, na ajabu ni kwamba haitajwi popote.

Ukishasukuma na kukata, viache vipande dakika 20 karibu na jiko kabla ya kukaanga. Vikiingia vikiwa baridi, mafuta hupoa, na mahamri hukaa chini ya karai yakinyonya. Chovya ncha ya kijiti kikavu cha mti ndani ya mafuta. Vipovu vidogo vikizunguka ncha hiyo bila kuruka kwa fujo, anza, vipande vinne kwa mara moja.

Kuhusu chapati nitasema mawili tu. Kanda kwa maji ya moto kiasi mkono unavyoweza kustahimili, uache donge lipumzike dakika 40 chini ya sufuria iliyopinduliwa. Na ndani ya mikunjo paka mafuta ya maji badala ya yale ya kuganda, ambayo kwa baridi hii huwa mabonge na kuzuia matabaka yasiachane.

Keki ya sufuria nayo huanguka katikati kwa sababu ya wepesi wa hewa: gesi ya hamira ya unga (baking powder) hutanuka upesi na kupasua rojo kabla halijashikana. Katika kila kijiko cha chai cha hamira hiyo punguza robo, katika kila kikombe cha sukari punguza vijiko viwili vya mezani, na kwa kila kikombe cha unga ongeza vijiko viwili vya mezani vya maziwa. Mchanga unaotandazwa ndani ya sufuria kubwa, chini ya chombo cha keki, uwe sentimita mbili, upashwe moto robo saa kabla. Makaa machache yakae chini na mengi juu ya mfuniko. Ukigeuza mpango huo, chini itaungua na katikati itabaki mbichi.

Uji wa wimbi uliochachushwa, ambao Kisumu huwa tayari baada ya siku mbili, huku huchukua tatu au nne. Uharakishe kwa kutia kijiko cha uji mchachu wa awali na kuweka chombo karibu na meko. Ukiota ukungu wa kijani au mweusi, mwaga wote, usiengue juu tu. Maziwa yatiwe baada ya kuepua, ukiwa umepoa kidogo, yasije yakakatika.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Kila mapishi yatakayochapishwa kuanzia Juni yawe na mstari mmoja wa nyongeza unaotaja muda wa Kisumu, muda wa Nakuru na muda wa Molo. Na pale panapotajwa jiko la makaa, mwandishi aongeze kwamba likimaliza kupika lisivuke mlango wa chumba cha kulala.

Mpishi wa nyumbani,
Molo, Kaunti ya Nakuru