Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuhusu bima ya mikopo ya watumishi

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Ruvuma. Benki inayonikopesha imeyakataa malalamiko yangu kuhusu bima ya mkopo, ile inayolipa deni mkopaji akifariki, na sababu ilizotoa zikiachwa zisimame, sioni mtumishi gani nchini ataweza tena kuhoji makato ya bima. Barua yao ni fupi: nilisaini fomu, bima ni sharti la mkopo, na ada ikishalipwa hairudishwi.

Nianze na hesabu, maana humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Nilikopa shilingi 10,000,000 kwa miezi 72. Kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti, benki ilikata 240,000 za bima, kwa mkupuo, kwa miaka yote sita. Riba ikahesabiwa kwenye milioni kumi kamili, kwa hiyo hata hiyo ada ambayo sikuishika mkononi niliilipia riba. Baada ya miezi 24 nilipanda daraja, nafasi ikapatikana bila kuigusa theluthi ya mshahara isiyoruhusiwa kukatwa, nikaongeza mkopo. Top-up, kama tunavyosema wote. Mkopo mpya ukawa 15,000,000. Sehemu kubwa ilikwenda kufunga deni la zamani, nami nikapewa kilichobaki. Lakini bima ilikatwa upya kwenye milioni kumi na tano zote: 360,000.

Bima ya kwanza niliilipia miezi 72, ikatumika 24. Je, ile miezi 48 imekwenda wapi? Deni ililokuwa ikililinda lilifungwa na benki ileile, siku ileile ilipofungua deni jipya. Hata ningefariki kesho yake, bima hiyo isingekuwa na cha kulipa. Mtoa bima hana tena hatari anayoibeba, ila fedha ya kuibebea amebaki nayo. Sisemi nirudishiwe theluthi mbili kamili, kwa sababu naelewa kwamba kiasi kinachokingwa hupungua kadiri deni linavyopungua, na miaka ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Ninachotaka ni hesabu ifanywe, nioneshwe, na nilipwe kinachobaki. Benki haikuijibu hoja hii hata kwa sentensi moja. Na sisi walimu hatuongezi mkopo mara moja tu maishani: mtoto anaingia chuo, nyumba imefika kwenye lenta, unarudi tena, na kila ukirudi bima inaanza upya.

Sasa hiyo saini. Afisa mikopo alitufuata shuleni mwisho wa mwezi, fomu zikiwa zimeshachapwa. Kila mahali pa kusaini palikuwa na X ndogo ya penseli. Kisanduku cha bima kilikuwa na tiki tayari, imetoka kwenye printa pamoja na maandishi mengine, wino uleule. Nilimuuliza bima hiyo inafanya nini. Akasema, “Mwalimu, ukipata tatizo lolote, bima inakulipia.” Tatizo lolote! Mkataba wenyewe wa bima ni wa kundi, umefungwa kati ya benki na kampuni ya bima, na sisi wakopaji hatukupewa nakala. Nilipoidai, nilioneshwa ukurasa mmoja: kifo na ulemavu wa kudumu, basi. Kuugua muda mrefu hamna. Kupoteza kazi hamna. Na kile kipengele cha kutorudisha ada kimo kwenye karatasi hiyohiyo, ambayo siku ya kusaini haikuwepo mezani. Saini yangu inathibitisha kwamba nilikopa. Haiwezi kuthibitisha kwamba nilielezwa kitu ambacho hakuna aliyenieleza.

Mheshimiwa, siipingi bima ya mkopo. Mwalimu mwenzetu alipofariki, bima ilimaliza deni lake na mjane hakusumbuliwa. Ni kinga njema, na kwa sababu hiyo inastahili kuuzwa kwa ukweli.

Waingereza walilipitia hili kabla yetu. Benki zao ziliuza bima za kulinda marejesho kwa mamilioni, nyingi kwa ada ya mkupuo iliyobandikwa juu ya mkopo, na mteja aliyelalamika alijibiwa kama nilivyojibiwa mimi. Chama cha mabenki kilikwenda Mahakama Kuu kupinga masharti ya kushughulikia malalamiko hayo, na mwaka 2011 kikashindwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Plevin dhidi ya kampuni ya mikopo ya Paragon, ilikuta kwamba Plevin, mjane aliyekopa pauni 34,000 alitozwa pauni 5,780 za bima, na asilimia 71.8 ya ada hiyo ilikuwa kamisheni ya waliomuuzia. Alikuwa amesaini. Hata hivyo Mahakama ilisema kumficha kamisheni kubwa kiasi hicho kulifanya uhusiano wake na mkopeshaji usiwe wa haki. Hadi hesabu zilipofungwa, wateja walikuwa wamerudishiwa zaidi ya pauni bilioni 38.

Mimi sijui benki yangu ilipata kamisheni kiasi gani. Niliuliza, nikaambiwa ni siri ya biashara. Lakini ona ilivyokaa: benki ndiyo inayonikopesha, ndiyo wakala anayeniuzia bima na kulipwa kwa kuniuzia, na nikifa ndiyo inayolipwa. Imeshika mpini kila upande. Kampuni ya bima nayo ilinirudisha benki, ikisema mwenye mkataba ni benki, mimi ni jina tu kwenye orodha.

Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 ni za ofisi yako, na zinazitaka benki kumweleza mteja gharama na masharti kwa uwazi. Sheria ya Bima ya 2009 inampa Kamishna wa Bima usimamizi wa upande wa bima, ndiyo maana nakala ya barua hii inakwenda kwake. Nawaomba mkae pamoja, maana malalamiko ya aina yangu yanapotelea katikati ya ofisi zenu mbili.

Naomba benki ziagizwe kurudisha sehemu ya ada isiyotumika kila mkopo unapofungwa mapema au kuongezwa, bila mteja kuomba. Naomba kamisheni iandikwe kwa shilingi kwenye fomu ya mkopo, karibu na ada yenyewe, na mkopaji apewe nakala ya masharti ya bima kwa Kiswahili kabla hajasaini. Mteja aoneshwe pia kwamba anaweza kuleta bima ya kampuni nyingine kama bima ni sharti. Na kwa malalamiko yaliyokwisha kukataliwa kwa hoja ya “ulisaini”, naomba yafunguliwe upya, ya kwangu yakiwemo.

Nakala za mikataba yote miwili, taarifa ya akaunti na barua ya benki zimeambatishwa kwenye malalamiko niliyoyawasilisha kwenye dawati lako. Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa sekondari, Ruvuma

Nakala: Kamishna wa Bima