Mhariri, gesi ya mtungi haina bondi za haidrojeni

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linanikera sana na wanaoumia ni watoto wetu wa kidato cha tano na sita. Kuna notsi za tuisheni zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zinasema eti propani, gesi iliyomo kwenye mtungi wa jikoni, ina bondi za haidrojeni kwa vile ina haidrojeni nyingi. Jamani sio kweli! Bondi ya haidrojeni, yaani mvuto kati ya molekuli na molekuli, inataka haidrojeni iwe imeshikana moja kwa moja na naitrojeni, oksijeni au florini, na kwenye propani haidrojeni zote 8 zimeshikana na kaboni, na hao wawili wanavuta elektroni karibu sawa, kwa hiyo molekuli haina upande chanya wala hasi wa maana.

Kinachobaki kuzishikanisha molekuli ni nguvu za London, zile alizozieleza Fritz London mwaka 1930. Elektroni hazitulii, kuna wakati zinajaa upande mmoja, molekuli ya jirani nayo inayumba, zinavutana kidogo halafu zinaachiana, inaendelea hivyo hivyo. Molekuli ikiwa kubwa yenye elektroni nyingi mvuto unapanda, ndo maana ukiongeza kaboni moja moja, methani inachemka kwenye nyuzi hasi 162, ethani hasi 89, propani hasi 42, butani karibu na sifuri, pentani 36, ukienda mbele sana unakuta nta ya mshumaa, ngumu kabisa, na nguvu ni za aina ile ile. Ila sio ukubwa peke yake, neopentani ina kaboni 5 na haidrojeni 12 kama pentani lakini imejikunja kama mpira, zinagusana sehemu ndogo, inachemka kwenye nyuzi 9.5 tu. Swali la hivyo ndo linapima mwanafunzi kaelewa ama kakariri.

Na mifano tunayo hapa hapa nyumbani. Mtungi wa jikoni ni propani na butani, utikise utasikia kimiminika kinacheza humo ndani, presha ya kiasi tu imetosha kuzishikanisha. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani, hii wanayojaza kwenye bajaji na magari pale Dar, inakandamizwa mpaka karibu bar 200, yaani kama mara 200 ya presha ya hewa, na bado ni gesi! Kwa joto la Dar hata uikandamize vipi haigeuki kimiminika, mpaka uipooze kwanza ishuke chini ya hasi 82, molekuli zake ni ndogo mno hazishikani.

Tena notsi hizo hizo zinasema propani ikichemka bondi za kaboni na haidrojeni zinakatika. Zingekatika kinachofika kwenye jiko kisingekuwa propani tena. Zinazoachiana ni molekuli na molekuli, kila moja inatoka nzima.

Naomba ukurasa wenu wa elimu umpe mwalimu wa kemia nafasi alieleze hili kabla ya mitihani, na wanaouza hizo notsi wazirekebishe, wanafunzi wanazilipia hela.

Mzazi na msomaji wenu, Dar es Salaam